Mwenye Nyumba Aliyerudisha Mabati

Bwana Mhariri, na ninyi wasomaji, kwanza naomba radhi. Mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikakalishwa kwenye cherehani, na tangu hapo kuandika kwangu kumekuwa kuchora kwa chaki juu ya kitambaa. Mtakapoona herufi zimeinama kama watu waliobeba magunia, na maneno mengine yamepungukiwa, msinicheke sana. Nimeandika kwa penseli, polepole, majuma mengi. Ningeweza kuacha, lakini wako watu hapa Kariakoo wanaosema kwamba Banda la Suluhu limekufa, nami nataka kuwajibu. Kwa mdomo siwezi, nina haya. Basi nawajibu hapa.

Aliyelianzisha banda hilo ni mama mmoja ambaye sote tulimwita Mwenye Nyumba, kwa kuwa alikuwa na nyumba, na wengi wetu hatukuwa nayo. Mimi na mama yangu tulipanga chumba kwake tangu nikiwa mdogo. Jina lake analo, lakini hakupenda liandikwe, na hata leo siandiki. Ukoo wake sitauelezea. Watu walipomwuliza kabila gani, alijibu, "La wenye kodi ya kulipa."

Ubavuni mwa nyumba, katika kiwanja hichohicho, palisimama banda lisilo na kuta, nguzo za mikoko na paa la makuti. Kazi za banda zilikuwa mbili, na yeye hakukubali zitenganishwe: kuuchunguza ugomvi, kisha kuwapatanisha wagomvi. Mtu akija mbio akitaka apatanishwe leo, aliambiwa arudi nyumbani kwanza. Mwenye Nyumba alikuwa na bibi wawili wa kumsaidia, mmoja kungwi na mwingine muuza maandazi, na hao ndio waliokwenda kuuliza. Waliuliza majirani, waliuliza watoto, waliuliza hata waliowachukia wagomvi wote wawili. "Habari ya kwanza," alikuwa akisema, "ni ya mtu aliyekimbia haraka. Mimi namtaka aliyechelewa kufika."

Msidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa mfupi, mnene, mtafuna tambuu, na sauti yake ilivuka barabara bila kuangalia. Alipoendesha kikao aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, meno yake ya chuma yametokeza mbele, na hakuna aliyethubutu kumsogelea kwa ghadhabu. Yeye mwenyewe alipenda ugomvi kama wengine wanavyopenda ngoma. Akienda sokoni kununua samaki alirudi amegombana na muuza samaki, na muuza samaki alimpenda kwa hilo. Nilimsikia kungwi akimsuta siku moja kwamba mpatanishi gani huyu, mdomo kama pilipili. Alimjibu kwamba fundi wa saa lazima azishike saa mbovu.

Kisa cha kwanza ninachokumbuka ni cha bomba. Wanawake wa mtaa wetu walipigana bombani karibu kila juma, madebe yakapondwa, nywele zikang'olewa. Kule kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ilisemwa kwamba ni vita vya makabila, watu wa pwani na watu wa bara, na wengine wakatozwa faini. Mwenye Nyumba hakubishana. Aliwaweka bibi zake wawili pale bombani, mmoja na maandazi yake, mwingine na tasbihi, mpaka wakajua. Kumbe siku za vita ni zile ambazo mlinzi wa bomba, mwenye ufunguo wake, aliwatanguliza wauza maji wenye rukwama za madebe, kisha maji yakawa haba kwa waliobaki. Siku nyingine pwani na bara walitwishana ndoo wakicheka. Akaenda nao ofisini, kundi zima la wanawake na madebe yao yaliyopondwa, akamwambia karani amfasirie Bwana Shauri hivi: "Mnatutoza kwa makabila yetu, kumbe kosa ni la ufunguo." Mlinzi akabadilishwa. Hakuna aliyemshukuru, na yeye hakungoja shukrani. Alisema tu kwamba mtu akikwambia ugomvi ni wa damu, mwulize maji yako wapi.

Kisa kingine kinamhusu mama yangu, na mama amenikubalia nikisimulie. Chumba chetu kilivuja. Kila tulipomwambia Mwenye Nyumba alisema ngojeni, kisha tunamwona ananunua nguzo mpya za banda. Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Alijifunga kanga, akaenda bandani mbele ya watu, akasema ana mashitaka, na mshitakiwa ni Mwenye Nyumba. Watu wakaangua kicheko. Mwenye Nyumba hakucheka. Aliondoka juu ya mbuzi yake, akakaa mkekani sawa na mama, akamwambia kungwi, "Haya, panda wewe." Bibi wawili wakaja chumbani kwetu, wakatazama mikeka iliyooza, wakawauliza wapangaji wengine. Mwenye Nyumba akashindwa. Alinunua makuti mapya siku ileile, akinung'unika kwamba amefuga nyoka chumbani. Lakini toka siku hiyo alimwita mama yangu dada, na mimi akaniita Fundi Kimya, kwa sababu wakati wote wa kesi nilijificha nyuma ya mlango.

Sasa niseme banda lilivyolishwa, maana hapo ndipo penye neno langu.

Kuchunguza ugomvi kuna gharama. Yule muuza maandazi akikaa bombani wiki nzima, nani atamlisha? Wagomvi wakikaa bandani tangu asubuhi, watakunywa nini? Mafuta ya taa, mikeka, nauli ya kumleta shahidi kutoka mbali. Mwenye Nyumba alitoa kodi zetu, lakini hazikutosha, na mwenyewe hakutaka zitoshe. Alisema, "Atakayelipa yote ataamua yote, hata kama ni mimi." Kwa hiyo pakawa na chungu. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri chungu kikubwa kiliwekwa katikati, kimefunikwa kitambaa, na kila aliyekuwapo alipita akaingiza mkono chini ya kitambaa. Ngumi iliingia imefungwa na kutoka imefunguliwa. Hata asiye na kitu aliingiza ngumi yake, akaifungulia mle ndani, akatoa kiganja wazi kama wengine. Hakuna aliyejua nani ametoa shilingi, nani ametoa senti, nani ametoa hewa. Ukitaja ulichotoa, unarudishiwa. Nilimwona mzee mmoja, fundi seremala, akijisifu kidogo tu, na Mwenye Nyumba akakitia mkono chungu, akamwekea shilingi yake magotini. Yule mzee alilia.

Ndivyo tulivyokwenda, mpaka ikaja miaka ya dhiki. Bei ya kopra, yaani mbata, ikaanguka, kazi bandarini zikapungua, ngumi nyingi zikawa zinaingia na hewa. Makuti ya banda yakaoza. Masika yalipoanza tukawa tunakaa tumejikunyata upande mmoja.

Alikuwako tajiri mmoja, Mwarabu mwenye ghala la kopra karibu na soko. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu wa swala, mwenye mkono mwepesi wa kuwapa maskini, na banda lilikuwa limempatanisha na ndugu yake aliyeachana naye miaka mingi juu ya shamba. Siku moja tukaona rukwama imesimama, hamali wanashusha mabati mapya yanayong'aa. Tajiri amelipa yote, na mafundi wa kuyapiga amewalipa. Hakuomba chochote. Mama yangu alisema hajaona sadaka nzuri kama ile.

Kungwi peke yake alisimama akitazama. Akauliza, "Na huyu ngumi yake itaingia wapi?"

Mwenye Nyumba akamjibu kwamba mvua haina upande. Akayapokea. Hilo ndilo kosa lake, naye amelitaja mwenyewe mbele ya watu mara nyingi kuliko mimi.

Miezi michache ilipita vizuri. Mvua ilipiga juu ya bati mpaka tukashindwa kusikilizana, tukacheka. Kisha pale ghalani kwa tajiri magunia yakabadilika. Yakaja magunia mapana zaidi, lakini ujira wa kubeba gunia ukabaki uleule. Hamali wakasema migongo yao haikupanuliwa. Wakaweka chini kamba zao. Mkubwa wao alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Tajiri akamtuma msimamizi wake alete watu wengine kutoka Buguruni, nao wakaja, na mlangoni mwa ghala pakawa na vita vya fimbo. Mjomba alivunjwa mkono. Vijana wa Gerezani, waliokuwa upande wa hamali wetu, wakasema Jumamosi watakuja na visu, na wale wa Buguruni wakasema visu hata kwao vipo. Mama yangu alikuwa akimkanda mjomba mkono huku machozi yanamtoka, akimwambia asitoke, naye anasema atatoka na mkono mmoja.

Mwenye Nyumba akatuma wito kwa pande zote. Wa Buguruni wakakubali, tajiri akakubali. Hamali walikuja mpaka ukingoni mwa banda, mvua ndogo inawanyeshea, wasiingie. Mjomba mkono wake ukiwa umefungwa kwa kipande cha kaniki akasema:

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Ingieni."

"Sisi tunakuheshimu, bibi. Lakini hapo ulipokaa ni ndani ya kofia ya tajiri. Hatuwezi kumshitaki mtu tukiwa tumevaa kofia yake."

Watu wakasubiri amtukane, maana ndiyo tabia yake. Hakumtukana. Aliinua uso akatazama bati kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nguo aliyoipenda ikaja kumbana. Kisha akaomba ngazi.

"Nani aliyapandisha haya kutoka rukwamani?"

"Ni sisi," mjomba akasema.

"Kwa ujira?"

"Kwa ujira."

"Leo mtayashusha bure, tuone kama mnanipenda."

Hamali wakacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza mtaani kwetu wiki ile. Wakapanda. Mabati yakashuka moja moja, misumari ikakusanywa kwenye kikapu, hata iliyopinda. Yakapangwa kwenye rukwama, na Mwenye Nyumba akatembea nyuma yake katikati ya soko, kanga imemlowa kichwani, watu wakiacha mizani zao na kumfuata. Nami nilifuata, kwa mbali.

Tajiri alitoka ghalani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umenipa."

"Mkono mtupu haulambwi, mama. Wewe mtu mzima unajua."

"Na uliojaa huziba mdomo. Mimi mdomo ndio kazi yangu."

"Mtanyeshewa."

"Na wewe utanyeshewa, baba. Umeitwa kesho."

Akaondoka. Njiani kungwi alitaka kusema kitu, Mwenye Nyumba akamwambia, "Usiseme. Najua ulichosema."

Kesho yake tajiri alikuja, na mwavuli. Banda lilikuwa nguzo tupu na mbingu. Mwenye Nyumba juu ya mbuzi yake akamwambia kwamba mwavuli huo ama autandaze utufunike sote, ama aufunge. Akaufunga. Hapo nikaona mabega ya hamali yakishuka kidogo.

Bibi wawili walikuwa wamekwisha fanya kazi yao. Walileta gunia la zamani na gunia jipya, wakayajaza mchanga mbele ya watu kwa pishi ileile, na jipya liliendelea kumeza pishi baada ya lile la zamani kujaa. Kisha wakaeleza waliyoyakuta Buguruni: wale watu waliambiwa kwamba hamali wa Kariakoo wamerudi mashambani, na kazi haina mwenyewe. Wenyewe wakasimama wakaapa hivyo. Mjomba aliwatazama waliomvunja mkono, akasema, "Basi tumepigana kwa uongo wa mtu mmoja," nao wakainamisha vichwa.

Mwenye Nyumba akamwuliza tajiri kama alijua magunia ni makubwa. Nilidhani atakana. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye kilemba. Akasema, "Nilijua. Bei ilipoanguka nikaona tofauti nitaipata migongoni mwao. Na yule msimamizi nilimwachia aseme atakalo."

Hakuna aliyezomea. Maneno yaliyofuata yalikuwa ya kawaida: gunia kubwa libebwe kwa ujira wake, mjomba atibiwe kwa mali ya ghala, wa Buguruni wapewe zamu ya kupakia magari ya reli kule Gerezani badala ya kunyang'anyana mlango mmoja. Jumamosi hapakuwa na kisu. Lakini mimi naamini jambo lilikwisha pale tajiri aliposema nilijua, na nadhani asingelisema chini ya bati lake mwenyewe.

Habari zikafika mbali. Karani wa Bwana Shauri akaja, amevaa soksi ndefu, akakaa kwa adabu. Akasema serikali imependezwa. Banda litapewa fungu kila mwezi, litaezekwa upya, na yeye mama atapata mshahara. Jambo dogo tu, kila mwisho wa mwezi aende ofisini aeleze nani wamegombana, na hasa hamali wanasemaje.

Mwenye Nyumba alimkaribisha maji. Kisha akasema, "Mwambie Bwana Shauri ngumi yake ni kubwa, haiingii chunguni."

"Mama, fikiri. Nyote mnanyeshewa hapa."

"Tumezoea. Anayetaka kujua hamali wanasemaje, aje akae mkekani. Tutamfasiria."

Haukupita muda mrefu, wakaja askari na amri: banda halina ruhusa katika kiwanja cha nyumba, livunjwe. Wapangaji tulitoka nje. Mama yangu alishika mchi. Mwenye Nyumba alimwambia auweke chini, akawageukia askari akawaambia wavute nguzo taratibu wasizivunje, anazitaka kwa kuni. Walipomaliza, alizipasua, akapikia wali wa Ijumaa, na askari wawili walikula pamoja nasi kwa sababu walikuwa na njaa.

Hapo ndipo watu waliposema Banda la Suluhu limekufa. Sikilizeni. Ijumaa ileile chungu kilikuwa katikati ya watu, kwenye baraza la muuza kahawa. Ijumaa iliyofuata kilikuwa Gerezani, nyumbani kwa fundi wa reli. Iliyofuata, kwa sonara mmoja Mhindi, ambaye mkewe alitandika mkeka mpya na akaingiza ngumi yake kama wengine. Na pakawa na sharti ambalo halikuwako zamani, alilolitoa katika lile kosa lake: mwenye kutoa mahali hatoi neno. Ukikaribisha kikao barazani kwako, siku hiyo unanyamaza. Ukimfunika mwenzako asinyeshewe, usimfunike na maneno yako.

Mwaka huu Mwenye Nyumba amehamia Magomeni kwa mpwa wake, miguu imevimba. Nilikwenda kumwona Idi mosi, nimemshonea gauni. Nilimkuta ameketi kitandani, akiligusagusa gauni mshono kwa mshono kwa sababu macho yamepungua, akitafuta kosa. Alipolikosa alichukia.

"Ijumaa hii mnakaa wapi?"

Nikamwambia sijui, siku hizi hatutaji mpaka Alhamisi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Anayetaka kuinunua suluhu sasa aanze na Kariakoo nzima." Kisha akanishika mkono. "Na kwako lini, Fundi Kimya? Si umepata baraza lako?"

Ni kweli, nimepanga chumba cha mbele, cherehani yangu iko barazani. Nilimwambia kwamba mwenye nyumba wangu ameonywa na askari, akanionya na mimi: siku kikao kitakapokaa pale, nihame. Nilimwambia pia kwamba sijui kukaribisha watu.

"Kukaribisha ni kunyamaza. Wewe umesomea."

Nje mpwa wake alikuwa akipasua kuni. Nilifikiri cherehani yangu ikiwa imewekwa barabarani, na vitambaa vya watu. Nilimfikiria tajiri akifunga mwavuli wake. Nikamwambia, "Alhamisi nitawatajia kwangu."

Hakunisifu. Aliniambia nitandike mkeka mkubwa, maana hamali wana magoti marefu.

Hivi ninavyoandika, ni Jumatano. Sijui nitakuwa nalala wapi gazeti hili likitoka, lakini Mhariri atajua pa kunipata. Ninyi mlioko Tanga, Tabora, Mwanza, Lindi, na kokote mnakosoma, niandikieni: kwenu suluhu inalishwa na nani, na anayeilisha anaruhusiwa kusema? Mmejaribu njia gani, ipi ikawaharibikia? Andikeni hata ninyi mnaosema tumekufa, na ninyi mliowahi kutoa mabati kwa moyo safi. Nitazisoma barua zote barazani kwa sauti, Ijumaa ambayo si zamu yangu ya kunyamaza.